Keria ya Baba

Jumatano, 30 Oktoba 2024
Daktari amemwambia Baba aache safari ndefu za baiskeli. Moyo umetanuka. Baba akamuuliza kwa adabu kama Mzenga nako ni mbali. Jumamosi ni siku ya marehemu wote, na kila mwaka anatoka hapa Kibaha kwa baiskeli kwenda huko Mzenga kusafisha kaburi la Mama. Ana miaka sabini na moja. Kumkataza siwezi, mimi ni karani ninayeogopa hata simu ya ofisini ikilia. Nimetoa upepo magurudumu yote mawili. Pampu nimeifukia kwenye ndoo ya unga.

Alhamisi, 31 Oktoba
Nimekosea. Baba ameikokota baiskeli juani hadi kwa Halidi, fundi wa Kwa Mathias. Amerudi anahema, magurudumu yamejaa. Eti Halidi amesema matairi ni mazima, ila nyumbani kwetu kuna mchawi anayekula upepo. Baba alinisimulia akinitazama. Nikasema wachawi siku hizi wamezidi.

Ijumaa, 1 Novemba
Nilimwomba Shangazi Petronila ampigie Baba, amdanganye kwamba kesho anakuja kututembelea. Akampigia kweli. Akamwambia: kaka, mwanao ananifundisha uongo, na mimi ni mwenyekiti wa kwaya. Baba alicheka mpaka akashika kifua. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 2 Novemba
Nimemfuata kwa bodaboda, kwa mbali. Baada ya Soga nikamkuta ameketi kando ya njia, midomo imekauka, baiskeli imelala. Nikadhani ndiyo basi. Nikamlipa bodaboda, akaondoka kabla sijafikiri. Baba akasema nimechelewa. Miguu yake imekataa, akasema, lakini yangu ipo. Akapanda kwenye keria, pale alipokuwa akimbeba Mama wakiwa wachumba.
Nimeendesha. Vilimani tulikokota wote. Kaburini akamwambia Mama kwamba mwaka huu amekuja kama abiria, asimcheke. Niliendelea kung'oa majani, sikuinua uso. Kurudi tulipanda lori.

Jumapili, 3 Novemba
Misani nilipiga magoti, nikashindwa kuinuka. Baba ana raha. Kumbe kukaa nyuma si vibaya, anasema. Sasa tutakwenda kila mwezi.
Mapaja yangu hayawezi. Nimewaza mchana kutwa, na dawa nimeipata. Baba alipojilaza nimeifungua keria, nimeificha chini ya kitanda changu. Baiskeli imebaki na kiti kimoja tu, cha mwendeshaji. Leo nitalala kwa amani.