Skrubu Zinapunguzwa, na Mke Wangu Hataki Kuamini

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa yule anayepanga herufi zenu, ambaye nina neno naye huko mbele. Mimi ni fundi saa, mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, mwaka wa arobaini na moja huu. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo nikikosea herufi usicheke, na ukicheka, chekea ndani.

Naomba utangaze gazetini kwamba imani yetu ni dini kamili, ili nipate haki ya kumkataa daktari. Mke wangu amenipangia Jumanne nikatolewe mtoto wa jicho. Nisipokwenda, anasema, kibanda atakipiga kufuli, na ufunguo nitautafuta kwa macho hayo hayo.

Imani yenyewe ni hii: viwanda vya saa vinapunguza ukubwa wa skrubu kila mwaka, kimyakimya, ili mafundi wazee tuache kazi. Sasa malalamiko.

1. Mke wangu huamka kabla ya jua kumwomba Mungu ambaye hajamwona hata siku moja, na mtaa mzima unamwita mcha Mungu. Mimi naamini skrubu nisizoziona, naitwa mkaidi. Kama kuamini usichokiona ni sifa, nimemzidi mbali, maana mimi hata bisibisi siioni.

2. Binti yangu, mpima ardhi, alikuja na kipimo chake akalinganisha skrubu ya zamani na mpya. Akasema ziko sawa, hazipishani hata unywele. Nikamuuliza hicho kipimo kimetengenezwa wapi. Kiwandani. Akakirudisha mkobani. Wasio na imani hukwama hapo hapo.

3. Tulikuwa waumini watatu: kinyozi wa jirani, mshona viatu na mimi. Kinyozi ndiye kiongozi, kwa kuwa ana kiti kinachozunguka. Alitabiri kwamba mwisho wa mwezi mwenye kiwanda angetubu redioni. Tukaikalia redio kutwa. Ikatangaza bei za mazao na mpira. Mwenye imani haba angekata tamaa. Sisi tuligundua kwamba redio nayo imo kwenye njama, na tukazidi kuamini.

4. Mshona viatu alinunua miwani kwa siri, kisha akaja kutuambia skrubu ziko vilevile. Tukamtenga. Lakini hatengeki. Kila asubuhi anapita kibandani: "Shikamoo, mzee wa shati la kijani." Nami nilitoka nyumbani nikijua nimevaa la bluu.

5. Nanyi mmo. Herufi za matangazo yenu ya vifo zimekuwa ndogo mno, siku hizi sijui nimlilie nani. Juzi nilimpa pole mtu ambaye marehemu wake alikuwa ng'ombe wa mnada.

6. Kuhusu saa ya mwalimu, nakiri. Nilipachika mshale mrefu mahali pa mfupi. Saa tatu kamili asubuhi akaisoma saa sita kasorobo, akawaruhusu watoto waende nyumbani. Kila dini ina muujiza wake, huo ndio wetu, na watoto wote wameshaongoka. Mwalimu mwenyewe hakunigombeza. Aliirudisha kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma. Tangu hapo watu wananiletea saa za ukutani tu.

Kwa hayo, naomba dini yetu itambuliwe kabla ya Jumanne. Wasalimie wote ofisini, hata mpanga herufi, ambaye nimemsamehe nusu.

Ni mimi, nisiyeyumba katika imani,
Fundi Saa wa Chini ya Ngazi

Baada ya sahihi: Kabla ya kubandika stempu nilimpa mke wangu barua aikague. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaipeleka dirishani, akasema nimeandika vizuri sana. Nikajua kuna jambo, maana mle ndani nimemsema. Nikamwomba anisomee la kwanza. Akaanza kuikunja. Kumbe mwaka wa pili huu, kile kitabu chake cha sala anageuza kurasa kwa mazoea tu. Maneno yote anayatoa kichwani. Nami nalala pembeni nikimsikiliza, najisemea, huyu macho yake mazima.

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema nami sioni," akanijibu, "nani angekupeleka wewe, mzee wangu?"

Basi, Ndugu Mhariri, usiichapishe barua hii. Jumanne tunakwenda wote wawili. Tutashikana mikono kuanzia mlangoni, na tutafika, kwa sababu kila mmoja wetu ataamini kwamba mwenzake anaiona njia.