Kuhusu Kiatu Kinachoingia Mfukoni

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wakimbiaji wa Njia za Mlimani,
ambaye kwa bahati yangu nzuri ni shemeji yangu.

Shemeji Mwenyekiti,

Baada ya salamu nyingi na heshima zote zinazostahili cheo chako kipya, natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya na wa miguu. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Nakuandikia kama fundi viatu wa miaka ishirini na sita, na kama mume wa dada yako kwa muda huohuo, kulalamikia viatu vyepesi ulivyomshauri anunue vya kukimbilia mlimani. Naomba chama chako kivipige marufuku kabla ya mbio za Jumapili. Sababu zangu nimezipanga kwa namba, maana ninyi wanamichezo hamsomi kitu kisicho na namba.

1. Uchaguzi wenyewe. Dada yako, ambaye kazi yake ni kupima vifurushi dirishani posta, alikuja nyumbani na jozi tatu za kujaribu, pamoja na mizani. Nyeusi ilikuwa gramu mia mbili na kumi kwa kiatu kimoja. Akasema ni nzito, akaitazama kama mtu aliyetukanwa. Ya buluu, mia na themanini: nzito. Ya kijivu ikasoma mia na arobaini, akapiga kigelegele. Kisha akakikunja kimoja kama soksi, akakitia kwenye mfuko wa koti na kuzunguka nacho sebuleni. Shemeji, kiatu kinachoingia mfukoni mimi nakiita pochi.

2. Soli. Nimeipima kwa rula yangu ya kazini: milimita nne, pamoja na yale meno ya kushikia tope. Nilibonyeza kwa ndani nikakiona kidole changu kwa nje. Anasema wewe ndiye uliyemwambia kwamba mguu lazima uisikie ardhi. Ala! Mimi nimemaliza ujana wangu wote nikihakikisha mguu wa mtu hausikii ardhi, na kwa kazi hiyo nimesomesha watoto wawili. Watu tulizaliwa miguu peku bure kabisa; leo mnatuuzia miguu peku ndani ya boksi, imefungwa kwa karatasi laini, na maelekezo juu yake.

3. Kisigino hakuna. Nimekitafuta.

4. Pua ya kiatu hicho ni pana, eti vidole vipate nafasi ya kutawanyika. Haya, vimetawanyika. Lakini vidole vikishaonja uhuru, na mwenye vidole naye anautaka. Vile viatu vya kahawia nilivyomshonea kwa mkono wangu mwenyewe, ngozi tupu, kila kimoja karibu kilo, sasa vimepewa kazi nyingine: kimoja kinazuia mlango wa stoo usijifunge, na cha pili kinakizuia cha kwanza. Nikipita hapo naangalia pembeni.

5. Dada yako hasikiki tena. Zamani nilimjua akiwa bado uchochoroni, ko, ko, ko, nami nikapata muda wa kushusha miguu mezani na kuonekana mtu wa maana. Siku hizi anatokea tu nyuma yangu kama mwalimu wa zamu. Wiki hii pekee nimefumaniwa mara tatu, kijiko ndani ya sufuria. Mtu na nyumba yake anaishi kama mwizi!

6. Hili ndilo kubwa, tafadhali lisome ukiwa umekaa. Miaka yote hiyo tulikuwa tunatoka pamoja asubuhi, tunatembea nusu saa hadi posta, yeye anaingia dirishani kwake, mimi nafungua kibanda changu pale kona. Nusu saa hiyo ndiyo iliyokuwa ndoa yetu. Jioni kila mtu yuko hoi, tunaulizana tu nani amezima jiko. Ila njiani tulikuwa tunausengenya mtaa mzima, tunacheka, tunagombana na kupatana kabla ya kufika. Tangu apate hivyo viatu anapita njia ya mlimani, nyuma ya tangi la maji, na anafika kazini mimi sijamaliza hata kufunga mlango. Nabaki natembea na sanduku langu la vifaa nikiongea peke yangu, hadi mlinzi wa ghala akaniuliza nagombana na nani. Nikamwambia niko kwenye simu. Simu yenyewe nilikuwa nimeisahau nyumbani. Nimekuwa mpweke, Shemeji, na sioni aibu kuliandika.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kiatu chochote kilicho chini ya nusu kilo kihesabiwe kuwa soksi, na mwenye soksi asiruhusiwe kupanda mlima. Mizani iwekwe mwanzo wa njia, na isimamiwe na mtu asiyependelea upande wowote; mimi nina nafasi. Mke wa fundi viatu abebe jiwe la kilo mbili kila mkono, mumewe apate muda wa kumfikia. Na hayo yote yakishindikana, basi mlima wenyewe usawazishwe, tutembee wote kwenye tambarare. Majibu nayahitaji kabla ya Jumamosi.

Nisalimie mkeo na watoto, na mama mkwe wangu, mwambie sandali zake ziko tayari. Wasalimie wanachama wote bila kubagua, hata yule mweka hazina anayesema viatu vyangu vinafaa kujengea msingi wa nyumba.

Wako katika uzito wa jambo hili,
Fundi wa Kona ya Posta

Tanbihi: Barua hii imekaa mezani siku mbili kabla sijaifunga. Leo asubuhi, dada yako akiwa bafuni, nilivivaa hivyo viatu, kwa ukaguzi wa kitaalamu tu. Nikaenda hadi getini. Pale getini miguu ikataka kuliona tangi la maji, na ilipoliona ikakataa kugeuka. Shemeji, nimefika kileleni! Kila kijiwe nimekisikia, na mpaka sasa nacheka peke yangu. Nilirudi nikijua leo nitakiona. Nilimkuta amekaa kizingitini, miguu peku, ameshachelewa kazini, ananisubiri. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama niliteleza pale kwenye mawe, na habari hiyo tukaiongea njia nzima hadi posta.

Basi namba moja hadi sita uzichane. Niletee jozi ya kijivu kabla ya Jumapili. Najua utashangaa vilinitoshaje: mimi na dada yako tunavaa saizi ileile, thelathini na tisa. Miaka ishirini na sita nimevaa arobaini na tatu na kujaza matambara mbele, ili fundi mzima nisionekane na mguu wa kitoto. Kumbe yeye alijua tangu wiki ya harusi, akaninyamazia. Ila mtaa haujui. Kwa hiyo kwenye boksi, tafadhali, andika arobaini na tatu.