Ombi la Kutotambuliwa Siku ya Posa

Kaloleni, Voi
Jumatano jioni

Kwa Mzee Nzomo, baba yake Mwende,

KUH: OMBI LA KUTONITAMBUA SIKU YA JUMAMOSI

Shikamoo Mzee. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, na mama yuko mbali kidogo. Mimi ni Nicholas Mghendi, yule kijana aliyening'inia kwenye jiwe lililo nyuma ya shamba lako Jumapili iliyopita, tangu mlipotoka kanisani hadi ng'ombe waliporudi zizini. Najua sina haja ya kujitambulisha zaidi ya hapo, na hilo ndilo lalamiko langu.

Jumamosi hii wazee wa kwetu Wundanyi wanakuja kwako, wakiongozwa na mshenga wetu, mjomba Mwakio, kukuomba unipe Mwende. Kwa utaratibu, hiyo ndiyo siku ambayo ungeniona kwa mara ya kwanza: nimenyoa, nimevaa suti, nimekaa kimya nyuma ya wazee huku mjomba akinisifu. Ndiyo maana sijawahi kukanyaga kwenu muda wote wa uchumba wetu, nisije nikaonekana mtu wa pupa. Nilikujua kwa picha tu, kwenye simu ya Mwende. Sasa utaratibu umeharibika, nami nimechunguza kwa haki nikaona kosa si langu peke yangu. Naomba nieleze.

1. Jiwe lenu linadanganya. Ukiwa barabarani unaona mahali pa mbuzi kupumzika. Mimi na wenzangu watatu, Lewis, Daisy na Festus, tulitoka Voi kwa gari la Daisy tukiwa na mpango wa kuizunguka kaunti, tukipanda mawe na kulala kwenye hema: Wundanyi, kisha Taveta, hadi Njukini. Hata chai ya asubuhi ilikuwa haijashuka vizuri tumboni, Lewis akaliona jiwe lenu na kusema tulitumie kupasha misuli moto. Upande ule hauna ua, tukadhani ni mali ya serikali. Ziara ya kaunti nzima ikaishia nyuma ya zizi lako.

2. Nilidanganywa pia na kwetu. Niliwaambia wenzangu kwamba sisi watu wa milimani hatufundishwi kupanda, tunazaliwa tukipanda. Ukweli ni kwamba kwetu kuna lami, na maisha yangu yote nimepanda mlima nikiwa nimekaa kwenye kiti cha gari. Lakini nilikuwa nimeshasema, na Festus alikuwa anarekodi kwa simu. Lewis, aliyejifunza kupanda kwenye ukuta wa mazoezi ndani ya ukumbi mmoja Nairobi, alitangulia akafunga kamba huko juu. Nikafuata. Nilipofika katikati mguu uliteleza, nikapinduka, nikabembea hadi chini ya ile sehemu ya jiwe iliyochomoza, na kamba ikanasa kwenye ufa. Juu siendi, chini sishuki. Kamba ya pili ilikuwa kwenye gari, na gari lilikuwa limerudi Voi na Daisy kununua makaa.

3. Swali lako lilikuja ghafla mno. Ulitokea chini yangu na panga mkononi. Najua sasa ulikuwa unawakatia ng'ombe majani, lakini ukilitazama kutoka juu, panga ni panga. Ukaniita: "Wee kijana! Wewe ni nani, na unatafuta nini kwa shamba yangu?" Mzee, mtu aliye kichwa chini miguu juu hana nafasi ya kuchagua maneno. Niliitambua kofia yako, ile ya kwenye picha, nikautambua na uso. Ningeweza kusema mimi ni mtalii. Ningeweza kusema nauza bima ya ajali, jambo ambalo ni kweli. Badala yake nilipiga kelele majirani wote wakasikia: "Mimi ni mkwe wako! Nimekuja kwa sababu ya Mwende!" Neno mkwe sikuwa nimepewa na mtu. Nililichukua mwenyewe.

4. Hukunijibu. Ulinitazama, ukavua kofia, ukaivaa tena, ukaenda kumwita mama. Ungenitukana, usiku ningepata usingizi.

5. Chakula. Mkeo, Mama Nduku, na akina mama wenzake wa kanisa walizunguka kwa njia ya nyuma hadi alipokuwa Lewis, wakanishushia muthokoi kwenye ndoo, yale mahindi yenu ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe. Nilimsikia akisema, "Wacha akule kwanza, hata kama ni mwizi." Kwetu kijana hali kwa wakwe kabla wazee hawajasema neno. Nikajikaza. Kisha nikala. Kisha nikaomba nyongeza. Hata hivyo ninashikilia kwamba sikula kwenu, kwa kuwa miguu yangu haikugusa ardhi yenu na ndoo yenyewe haikupita mlangoni. Nilikula hewani, na hewa haina mwenyewe.

6. Nyimbo. Sina ubaya na kwaya ya akina mama hao, lakini walizoimba zilikuwa nyimbo za mazishi. Niliitikia sauti ya besi kwa sababu nilizifahamu, na nasikitika ikiwa hilo lilichukuliwa kuwa ni kukubali kuzikwa.

Kwa hayo yote naomba kwa unyenyekevu kwamba jiwe lile lihesabiwe kuwa halikuwa ndani ya shamba lako Jumapili ile. Naomba jirani yako Musyimi, aliyesaidia kunivuta na ambaye sasa ananiita Mkwe wa Kamba hadi sokoni Voi, asahau. Na Jumamosi, mjomba atakapotamka kwamba kijana wetu ni huyu, tafadhali nitazame kama mtu usiyemjua, uniulize jina, na ikiwezekana ushangae kidogo. Mama naye anikaribishe muthokoi kana kwamba ni mara ya kwanza. Nitakula kidogo.

Nasema hivi kwa sababu naogopa, Mzee. Mwende ndiye ninayemtaka, hakuna mwingine. Nikifumba macho nakuona ukimwambia atafute mtu mwenye akili, nami nafumbua macho na kushika kalamu tena.

Nisalimie mama, akina mama wa kwaya wote, Musyimi pia, na wale ng'ombe waliosimama kunitazama wakakataa kuondoka.

Ni mimi, mgeni ambaye bado hujamwona,

Nicholas Mghendi

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mjomba Mwakio amenipigia simu. Video ya Festus imefika Wundanyi, na wazee wameitazama wote pamoja, zaidi ya mara moja. Mjomba amejiuzulu ushenga. Anasema kazi ya mshenga ni kumsemea kijana ambaye hajasema, na mimi nimeshasema, tena mbele ya mashahidi, tena nikala. Wazee hawawezi kwenda kumposea mtu aliyekwisha kujiposea. Kilichobaki ni jibu la mwenye binti. Kwa hiyo naomba uyapuuze yote niliyoandika hapo juu. Jiwe ni la kwenu, muthokoi niliula kwenu, na aliyepiga kelele ni mimi. Naomba zile kelele zihesabiwe kuwa ndiyo posa yenyewe. Jumamosi nitakuja peke yangu, kwa miguu, nipitie getini, nisikie jibu lako.