Dokta wa Feni na Darasa la Jumamosi

Gari la buluu lilipoingia pale pa kuoshea magari, Dokta aliacha kutafuna kijiti cha meno. Lilikuwa gari la zamani, lakini limetunzwa kama vikombe vya wageni: viti vimevalishwa vitambaa, vioo havina hata alama ya kidole, na juu ya dashibodi kuna kitabu cha matengenezo kilichojalidiwa kwa karatasi ya kaki. Mtu anayejalidi kitabu cha gari, Dokta alijiambia, ni mtu anayewaamini wataalamu.

Tuseme ukweli mapema, tusije tukampa mtu sifa zisizo zake. Dokta hakuwa daktari. Alikuwa amekaa gereji miaka mitatu, akaondolewa kwa sababu ulimi wake ulifanya kazi kuliko mikono. Cheo alijipa mwenyewe, na koti jeupe alilipata mitumbani, likiwa bado na jina la mwuza nyama mfukoni.

Mradi wake ulikuwa rahisi kama kumenya ndizi. Alikuwa akishinda pale akiwapimia watu maji na oili bure. Boneti ikishafunguliwa, vidole vyake vilipita kwenye kisanduku cha fyuzi na kuondoka na rilei ya feni, swichi inayowasha feni ya kupoza injini, kijidude cheusi kidogo kuliko kiberiti. Kisha alimwachia mwenye gari kadi: *Dokta wa Feni na Viyoyozi. Tunapima nyumbani kwako.* Siku ya pili yake, kwenye foleni, mshale wa joto unapanda, kiyoyozi kinapumua kama mgonjwa wa homa, na mwenye gari anaitafuta ile kadi. Dokta anafika, anairudisha rilei ileile, analipwa. Aliwauzia watu mali yao, na walimsindikiza hadi getini kwa shukrani.

Mwenye gari la buluu alikuwa mwalimu mstaafu, mama mnene wa miwani, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. Alipiga simu siku ya Jumatano.

"Dokta, gari langu linachemka likisimama. Likitembea linapoa."

"Pole sana, Shangazi. Usiliguse. Nakuja."

Alimkuta ameliegesha uani, kando ya kamba ya nguo. Dokta alimwamkia, akatoa kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo, akakibandika kwenye boneti.

"Pumua," aliliambia gari.

Shangazi alisimama nyuma yake na daftari, akiandika. Dokta alitikisa kichwa kwa huzuni, akatamka kwamba feni imekata tamaa, akainama, akapachika rilei huku akikohoa ili mlio usisikike. Injini ilipowashwa, feni ilivuma, na ubaridi ukatoka hadi miwani ya Shangazi ikaingia ukungu. Shangazi aliinama kwenye boneti, akakaa hapo kitambo akitazama, kisha akamlipa bila kulalamika.

"Mwanangu, una kipaji," alisema. "Hapa mtaani kuna wanawake saba, wote magari yao yana ugonjwa huohuo. Ila hawaamini watu. Njoo Jumamosi uwaelimishe kidogo, wakuone unavyojua. Baada ya hapo watakuwa wako."

Saba. Dokta aliwajua wote saba, kwa maana rilei zao zilikuwa nyumbani kwake ndani ya soksi. Usiku huo alilala akitabasamu.

Jumamosi saa nne asubuhi, magari saba yalikuwa yamepangwa uani kama wanafunzi wa paredi, na wenyewe wamekaa kwenye viti vya plastiki. Ukutani palikuwa na ubao. Dokta aliingiza kigari chake chekundu, akashuka na koti lake na ile soksi mfukoni.

Alikuwa amepanga kuwaambia upuuzi mtupu: mambo ya upepo wa ndani na presha ya hisia. Lakini kabla hajafungua mdomo, mwanamke mmoja, nesi, alimwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika, "Mume wangu anasema huyu hajui kitu. Anabahatisha."

Dokta aliweza kuvumilia kuitwa mwizi. Kuitwa mbumbumbu hakuweza.

"Nani anabahatisha?" aliuliza. "Sogeeni hapa."

Akafungua boneti ya gari lake, na kwa nusu saa alisema kweli tupu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni. Aliwaambia wawashe injini na kiyoyozi, wasikilize kompresa, ile pampu ya kiyoyozi, ikishika, *kla*, kisha watazame feni. Kompresa ikishika na feni isizunguke, wazime, wachomoe ufunguo, wasitie mkono kwenye feni injini ikiwa bado ya moto, kwa kuwa huweza kuanza yenyewe. Waangalie fyuzi kwanza. Ikiwa nzima, wachukue rilei ya honi, kama inafanana na ya feni, waipachike mahali pake.

"Feni ikizunguka, basi ugonjwa ni rilei tu, kitu cha bei ya soda. Mtu asikudanganye eti feni imekufa."

Aliposikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwake mwenyewe, alitamani kuirudisha. Shangazi alikuwa ameshaiandika ubaoni.

"Sasa vitendo," alisema Shangazi. "Kila mtu boneti yake."

Boneti saba zilifunguka.

"Shangazi, kwangu rilei haipo. Pana tundu," alisema nesi.

"Kwangu pia tundu," alisema fundi cherehani.

"Tundu," alisema mwuza maua, na nyuma yake wengine wakaitikia tundu, tundu, kama kwaya inayojaribu sauti.

Wote walimgeukia Dokta. Jasho lilimtoka kwenye nyusi.

"Joto likizidi," alisema polepole, "huwa zinayeyuka."

"Ndiyo maana mtaalamu hutembea na akiba," alisema Shangazi kwa upole. "Wagawie, mwanangu."

Dokta alishusha pumzi. Mama huyu alikuwa amemfungulia mlango. Akatoa soksi, akagawa, na feni saba zikavuma kwa pamoja hadi nguo kwenye kamba zikapepea. Wanawake walimpigia makofi. Shangazi akamkaribisha ndani anywe sharubati, akamtilia bilauri mbili, akamwuliza habari za mama yake.

"Sasa, Shangazi," alisema Dokta akijifuta mdomo, "kuhusu malipo yao."

"Wameshalipa. Ada ya darasa. Wamenilipa mimi."

"Na rilei zangu?"

Shangazi alivua miwani. "Mimi nimekaa nyumba za walimu miaka thelathini. Kila kilicho changu nakitia alama ya rangi ya kucha, hadi vijiko. Rilei uliyoniuzia Jumatano ilikuwa na alama yangu. Niwaambie waliopo nje, au umalize sharubati yako uende?"

Dokta hakumaliza sharubati. Alitoka kwa mwendo wa heshima, akaaga watu wote saba kwa kichwa, akafunga boneti yake, akaondoka. Barabarani alianza hata kucheka. Mtaa mmoja umeharibika, sawa. Mji una mitaa mingapi?

Alifika kwenye foleni ya taa. Kiyoyozi kilianza kumpulizia hewa ya tanuri. Mshale ukapanda. Dokta alisogea pembeni, akazima, akafungua boneti, akatazama kisanduku cha fyuzi.

Tundu. Na pale palipokuwa na rilei ya honi, tundu la pili.

Alisimama, koti jeupe limemganda mgongoni, magari yakimpita. Kisha akatoa simu.

"Shangazi, shikamoo tena."

"Marahaba, Dokta. Umeangalia fyuzi kwanza?"

"Fyuzi ni nzima, Shangazi."

"Vizuri. Rilei zako ninazo hapa, nilizichomoa ulipokuwa ukipigiwa makofi, na nimeshazitia rangi. Utazipata darasa likiisha, Jumamosi ijayo. Safari hii wamejiandikisha kumi na wanne. Na uje na chaki, mwanangu. Zangu zimeisha."