Shikamoo Zote Takatakani

Jumatatu, 14 Julai 2025
Mzee Hasanali ametangaza: duka letu la viungo linafungua tawi Kingolwira. Anatafuta meneja. Anayetaka amwandikie barua pepe kabla ya Alhamisi. Meneja! Nani tena kama si mimi? Mehjabin, mpwa wake anayetunza hesabu, nimemwona akitabasamu. Tabasamu la nini?

Mzee kalalamika pia kuhusu kompyuta zetu: yangu ya dukani, ya ghala la Bigwa na yake ya nyumbani. Anwani za wateja huku zipo, kule hazipo. Nikanyoosha mkono. Nitazisawazisha mimi! Mehjabin akashauri ninakili anwani tu, mengine niyaache. Ushauri wa waoga.

Jumanne, 15 Julai
Kazi imekwisha. Mipangilio yote ya barua pepe zangu sasa iko kwenye kompyuta zote. Anwani, ukubwa wa herufi, hata sahihi yangu ya chini: "Salehe, Meneja Mtarajiwa". Na kichujio changu kipenzi! Barua ikianza na "Shikamoo", inakwenda takatakani moja kwa moja. Nina miaka thelathini na nne tu, jamani. Wanaoniamkia hivyo wote wanataka mchango wa harusi.

Jioni nimemtumia Mzee ombi langu la umeneja. Kurasa mbili. Nimeanza kwa adabu, kama nilivyolelewa kule Matombo: Shikamoo Mzee.

Jumatano, 16 Julai
Mzee kaja dukani kanuna. Eti dunia imeharibika, toka jana hakuna hata mtu mmoja aliyemwandikia shikamoo. Wateja kimya. Mjukuu wake Aaliyah, aliye masomoni Dodoma, kimya. Barua pekee iliyomfikia ni ya kijana wa hoteli, nayo imeanza na "Mambo vipi mshua". Nikamwambia ndio vijana wa sasa, hawana malezi. Akaniuliza kama mimi sina la kumwambia. Nikamjibu la kwangu analijua. Akaondoka kichwa chini. Uzee huo.

Alhamisi, 17 Julai
Dhuluma! Kingolwira kapewa Mehjabin. Mzee kasema ndiye pekee aliyeomba. Pekee! Na ombi lenyewe nimeliona, limeanza na "Habari za kazi, mjomba". Hana hata shikamoo! Kajitetea kwamba shikamoo alishampa asubuhi uso kwa uso, na kwamba Mzee mwenyewe huanza barua zake zote na "Habari za kazi", hata akiagiza chai. Anamwiga bosi ili apendwe. Nimekosa usingizi kwa hasira.

Ijumaa, 18 Julai
Aaliyah kampigia babu yake simu akilia: picha za mahafali yake katuma na kutuma, hajibiwi. Mzee akafungua takataka. Zote zimo! Picha, oda kubwa ya mdalasini ambayo mteja keshaipeleka kwingine, na ombi langu, kurasa mbili nzima. Uchunguzi haukuwa mrefu, maana kichujio nilikipa jina "Cha Salehe".

Nimemweleza Mzee kwamba kosa ni la kompyuta. Mashine yenye akili ingejua nani anastahili shikamoo na nani hastahili! Hakucheka. Kasema Jumatatu asubuhi ataniandikia barua pepe kunipa saa ya kwenda kuonana naye. Nisipotokea, nijihesabu sina kazi.

Jumamosi, 19 Julai
Kichujio cha shikamoo nimekifuta kote. Mtu mzima hukubali kukosolewa.

Lakini Mehjabin! Umeneja haujapoa, keshaanza kunitumia maagizo. Pima karafuu. Fagia ghala la Bigwa. Kila agizo linaanza na "Habari za kazi"! Mimi nifagie? Nimetengeneza kichujio kipya: barua ikianza na "Habari za kazi", takatakani. Na safari hii nimekiweka kwenye kompyuta zote siku hiyohiyo, nisihangaike mara mbili.

Jumatatu, 21 Julai
Jioni. Nimekaa mbele ya kompyuta tangu duka lifunguliwe, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Hakuna barua hata moja. Mzee hajaniita kabisa.

Kanisamehe! Nilijua tu.