Likizo ya Kutengeneza Kengele

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Habari njema kuliko zote za mwaka huu: kengele ya mlango wangu imekufa.

Nimeijua leo asubuhi. Mleta gesi kagonga mlango kwa ngumi mpaka picha ya ukutani ikapinda. Nikamfungulia nimefura, nikamuuliza kama haoni kitufe. Akasema amekiona, amekibonyeza mpaka kidole kinamuuma, na hata safari iliyopita alibonyeza weee, akachoka, akarudi na mtungi wake. Safari iliyopita ilikuwa kabla ya mwaka mpya.

Nikakaa juu ya mtungi nikafikiri. Mke wangu yuko kwa dada yake, wiki ya kumi na tisa sasa. Alisema atakuja kuchukua cherehani yake. Kimya. Nilishaanza kuamini hataki hata kuniona. Kumbe! Amekuja, maskini wa Mungu, akabonyeza, akaona kimya, akadhani nimemnunia, akaenda zake. Pengine mara tano. Pengine na chakula mkononi.

Tena si yeye peke yake. Kaka yangu. Wenzangu wa ofisini. Wote ambao nimekuwa nikiwasema moyoni kwamba wamenitupa. Nawaomba radhi. Kosa ni la betri.

Nimeomba likizo ya wiki moja na siku zake za juu. Bosi kauliza kuna nini, nikasema jambo la kifamilia. Sikudanganya.

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Kengele yenyewe ni ile isiyo na waya: kitufe nje, spika ndani. Kitufe kina betri ndogo ya kuchaji. Nimekichaji tangu jana, hakuna kitu. Inatakiwa betri nyingine, basi. Mtu aliyesoma mita za maji miaka ishirini na miwili hashindwi na betri.

Skrubu nne. Mbili zimetoka vizuri. Ya tatu nimeikata kichwa. Ya nne imerukia anakojua Mungu. Kifuniko nimekibandua kwa kisu cha mkate. Betri imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nimeitoa taratibu, pumzi nimezibana, nikaizika kwenye ndoo ya mchanga huko nje, maana nasikia hizi zikikasirika huwaka.

Nikapita kwa fundi simu wa pale kona. Kuangalia tu. Akasema nimwachie, betri ya saizi ile ataipata Alhamisi, haraka haraka haina baraka. Siku mbili bila kengele! Nikamweleza kuna mtu namtarajia. Akasema basi acha mlango wazi. Kuna watu wanaona kila kitu rahisi. Nikaondoka na kitufe changu mfukoni.

Jumatano, tarehe 9 Aprili

Nimekosana na Gazeti. Ni jirani wa mlango wa pili, mstaafu. Tunamwita Gazeti kwa sababu hakuna kinachopanda ngazi zile bila yeye kukisoma. Kiti chake kiko pale juu ya ngazi tangu asubuhi mpaka jua lizame. Nilipomwambia kwamba mke wangu amekuwa akija, akasema hajamwona. Nikasema labda ulisinzia. Akasema wiki kumi na tisa? Nikasema wapo watu wana usingizi mzito. Hatukuagana vizuri.

Akaongeza eti wenye kugombana wapatane wenyewe. Nani kagombana? Siku ile nilikuwa chini ya meza natengeneza feni. Mke wangu kasimama pale, anasema mama yake amelazwa, na sijui nini tena, aliongea muda mrefu kidogo. Nikamwomba anipe bisibisi ya nyota. Akanipa. Nilipotoka chini ya meza hayupo. Hakuna hata neno moja baya lililosemwa. Na feni inazunguka mpaka leo, ingawa upepo unakwenda ukutani.

Mchana, wazo! Nilikuwa nanyoa ndevu kwa mashine, nimemaliza shavu la kushoto, nikajiuliza: hii inaendeshwa na nini? Nikaifungua pale pale. Betri nzima, nono. Shavu la kulia nitalimalizia mambo yakitulia.

Waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Nimeunguza vidole viwili na kitambaa cha meza. Betri ni kubwa kuliko nyumba yake, kwa hiyo kifuniko nimekifunga kwa tepu. Nikabonyeza. Ikalia, ting-tong, safi kabisa. Nilikuwa nimeisahau sauti yake. Machozi yalinitoka. Nadhani ni moshi wa risasi ya kuchomea.

Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Imelia saa moja asubuhi. Nikakimbia na soksi moja. Hakuna mtu. Ikalia tena baada ya dakika nne. Hakuna mtu. Kufika saa nne nimefungua mlango mara thelathini na moja. Betri imebana mno, inakisukuma kitufe kwa ndani, kengele inajibonyeza yenyewe. Hilo nililing'amua kwenye mara ya sita. Lakini utakaaje tu? Je, kama ya kumi na saba ndiyo yeye?

Mara ya thelathini na mbili kulikuwa na mtu. Gazeti. Amekuja kuuliza kama nimekula njama ya kuwaua wapangaji wote kwa kelele. Nikamkaribisha. Akaingia! Nikachemsha chai, akanywa vikombe vitatu, mimi natoka na kurudi, natoka na kurudi. Mwishowe akaibandua spika ukutani, akailaza chini ya mto, akaniambia nimpigie mke wangu simu. Nikasema sipendi kumsumbua. Akaniuliza mama mkwe anaendeleaje. Nikamwongezea sukari.

Alikaa mpaka saa tisa. Tulizungumza habari za maji, habari za goti lake, habari za watu. Alipoondoka nikafunga mlango, nyumba ikawa kubwa mno. Nilikaa kwenye kiti alichokalia yeye, kwa kuwa bado kilikuwa na joto.

Ijumaa, tarehe 11 Aprili

Nimeweka kipande cha boksi kati ya betri na kitufe. Imetulia. Shida ni kuijaribu. Ukibonyeza nje, ndani hakuna wa kukwambia kama imelia. Nikabonyeza nikatega sikio mlangoni. Imelia vizuri. Imelia ndani ya nyumba yangu mwenyewe na hakuna aliyekuja kufungua. Kazini nabonyeza kengele za watu kutwa nzima, na angalau wale hutoka, husema mita iko kule, hufunga. Kisha nikajifungulia.

Nimevaa shati la pasi na kungoja mpaka jioni.

Jumapili, tarehe 13 Aprili

Jana hakuna mtu. Leo hakuna mtu. Subira huvuta heri, wanasema. Yangu imevuta mbu. Tepu imeachia, betri inaning'inia mlangoni kama kidakatonge kooni. Kesho nitanunua tepu nzuri na risasi zaidi.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Nilitoka saa tatu kwenda dukani. Kurudi nikamkuta Gazeti amesimama. Yeye, ambaye hata mwenye nyumba akija hainuki. Akanipisha. Mlango wangu uko wazi.

Mke wangu alikuwa sebuleni anaifunga cherehani kwa shuka. Alishtuka kuliko mimi. Akauliza, kwani leo huendi kazini? Nikasema niko likizo. Akasema angejua angechagua siku nyingine.

Nikamuuliza ameingiaje. Akanionyesha ufunguo. Ufunguo wake, anao miaka kumi na moja. Hajawahi kubonyeza ile kengele maishani mwake. Tena tangu aondoke hajawahi kuja, leo ndiyo mara ya kwanza. Nikamweleza habari ya betri yote, tangu skrubu ya kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akinitazama shavu la kulia.

Halafu akasema mama amepona, ametoka, yuko nao huko kwa dada. Alilazwa wiki sita. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa, mama aliuliza kama ni mkwe wake. Mwanzoni mke wangu alimjibu kwamba nina kazi nyingi. Baadaye mama akaacha kuuliza. Mke wangu akasema namba yake ya simu nilikuwa nayo.

Nikasema pole. Ilitoka ndogo. Nikabeba cherehani mpaka chini. Nzito ajabu. Alinishukuru kama unavyomshukuru mtu baki. Niliporudi juu nikakuta ufunguo ameuacha mezani.

Jumanne, tarehe 15 Aprili

Nimelia, siwezi kuficha. Kisha nikaosha vikombe, nikafikiri.

Ameacha ufunguo. Gazeti anasema hilo halihitaji mfasiri. Lakini Gazeti hafikiri kwa kina. Tazama: jana alikuwa na ufunguo, angeweza kuingia na kutoka mimi nisijue. Leo hana. Akija tena, afanyeje? Lazima abonyeze. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, mke wangu anaihitaji kengele yangu.

Kwa hiyo hapa hakuna mzaha tena. Betri ya ndevu haitafikisha hata miezi mitatu. Ya redio ni kubwa maradufu. Nimeongeza likizo wiki moja, nimesogeza simu pembeni ya meza nipate nafasi ya kufanyia kazi, na redio nimeshaifungua.