Sanduku la Wi-Fi Lisilojua Nani Mkubwa

Kisangani, Alhamisi asubuhi

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Nyumba ya Mitambo « Boyokani Connexion »,
Hapa mjini.

Kuhusu: masanduku matatu ya réseau, yaani mtandao, yasiyo na adabu.

Nakala kwa: Mkuu wa mtaa; Padri wa parokia; Papa Camille, Lubumbashi, ili aone haya.

Bwana Mkurugenzi,

Kabla hujaendelea kusoma, tafadhali vuta kiti, kwa maana jambo lenyewe ni zito na sitaki uanguke kwa sababu yangu. Anayekuandikia ni Papa Hubert, mvuvi wa maporomoko tangu ujana, mkubwa wa parcelle yetu, kiwanja cha familia, mtu mpole ambaye katika maisha yake hajawahi kulalamika kwa maandishi isipokuwa mara sita.

Binti yangu Déborah amejifungua mtoto wa kike huko Lubumbashi. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, mtoto atatolewa nje kwa mara ya kwanza, na katika ukoo wetu mtoto hatoki nje bila jina. Jina hutolewa na babu wa upande wa mama, akimtazama mtoto usoni, mara tatu. Lubumbashi ni mbali, ndege sina, donc nitamtazama kwenye simu. Jina ninalo tayari: Clothilde, jina la marehemu mama yangu. Lakini nikikosa kuonekana, jina litatolewa na babu wa upande wa baba, yaani huyo Papa Camille, karani mstaafu wa serikali. Bwana Mkurugenzi, Papa Camille alizaa wana wawili. Wa kwanza alimwita Décret, kama amri ya serikali. Wa pili alimwita Budget. Décret ndiye mkwe wangu, kijana mwema kabisa, na jina si kosa lake. Sasa habari zimenifikia kwamba mjukuu wangu ameshaandaliwa jina la Ordonnance, karatasi nyingine ya serikali. Mtoto wa kike! Wa kilo tatu! Alors, unaelewa kwa nini ninakuandikia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Masanduku yako hayajui umri. Déborah alinunua matatu, na fundi wako, Madamu Julie, alikuja na ngazi yake akanieleza vizuri: la kwanza linafungwa pale waya wa antena unapoingia, nalo linalipasia la pili, na la pili linalipasia la tatu. Nilielewa upesi, kwa sababu hata sisi tukigawa samaki ni mkono kwa mkono. Lakini samaki huanza kwa mkubwa! Parcelle yetu ni ndefu, ina nyumba tatu kwa mstari. Mbele, barabarani, anakaa Trésor, mtoto wa dada yangu, anayewachajia watu simu. Katikati anakaa shemeji yangu Mama Angélique, mjane wa mdogo wangu Carlos. Mungu hakuwajalia mtoto. Nyuma, karibu na maji, ninakaa mimi. Antena iko juu ya bati la Trésor. Yaani réseau inamfikia mpwa kabla ya mjomba! Nililimeza hilo. Nilisema, Trésor ni mpagazi tu. Masanduku mawili yaliyobaki niliyachukua yote, moja sebuleni, moja chumbani, kwa sababu fungu la mkubwa ni mara mbili. Yote mawili yakawasha taa nyekundu, na mpaka leo yananitazama hivyo.

2. Madamu Julie amekuja mara nne na hakuna alichoponya. Kwanza: zima, hesabu mpaka thelathini, washa. Nilihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, halafu kwa Lingala ili sanduku lisisingizie lugha. Nyekundu. Akasema pipa la maji linakunywa réseau, tukahamisha pipa. Akasema kabati la chuma linaizuia. Tukahamisha kabati, nyuma yake nikapata kandambili niliyomshutumu marehemu mbwa wetu kwa miaka mitatu kwamba aliila. Akasema mise à jour, yaani sanduku lijisasishe. Tukangoja dakika arobaini, taa ikawa ya buluu, ikawa nyeupe, nikaanza kuimba, ikarudi nyekundu katikati ya ubeti.

3. Hapo nikaona elimu ya shule imefika mwisho, nikatumia ya kwetu. Kila mtoto wa maporomoko anajua: kitu kinachokuja kwa mkondo unakisubiri chini, unakitegea kikapu, mdomo wake ukikabili kinakotoka. Nilichukua kikapu changu kizuri cha kuvulia, nikaweka sanduku ndani, nikakifunga kwa kamba za msituni juu ya nguzo mbili, mdomo ukimwelekea Trésor. Kazi safi. Bwana Mkurugenzi, kwa kikapu hicho nimeshawahi kukamata kapitene, yule samaki mnono wa mtoni, wa urefu wa mlango. Réseau haikuingia hata moja. Waliingia ndege wawili, nao wamekataa kutoka.

3 bis. Madamu Julie alicheka. Alipanda ngazi kutazama, akacheka akiwa juu kule, akashika nguzo asianguke, akacheka tena. Ninaomba jambo hili lichunguzwe peke yake.

4. Sasa tunafika kwenye jeraha. Fundi wako alipoteremka na kufuta macho, akatamka hukumu yake: sanduku moja litoke kwangu, likae katikati, jikoni kwa Mama Angélique, juu ya rafu ya dirishani. Nikamwuliza, mkubwa apokee kutoka kwa mke wa mdogo wake? Akanijibu, ninamnukuu neno kwa neno: « Papa, hii kitu haijue mukubwa na mudogo. Inajua tu distance. »

Distance! Mimi na jiko lile tuna distance ya miezi kumi na moja. Acha nikueleze, maana wewe ni mgeni wa jambo hili. Noeli iliyopita nilileta kapitene mkubwa mwenyewe, kwa mikono yangu. Kichwa cha samaki ni cha mkubwa; hata kuku wa parcelle wanajua. Mama Angélique alikipika kwenye liboke, majani yakafunguliwa, harufu ikafika mpaka barabarani, na kichwa kikawekwa mbele ya nani? Mbele ya Papa Sébastien, mgeni kutoka Bengamisa! Akakifyonza mpaka macho, mbele yangu. Na mimi, mkubwa, nikaletewa bakuli la mchuzi na kijiko, kama mgonjwa. Nilimaliza mchuzi, nikaomba mwingine, na tangu siku ile sijatia mguu katika jiko lile. Naye hajaja kuomba radhi. Tunasalimiana kwa kukohoa.

5. Jumapili tulifanya jaribio na Lubumbashi. Nilivaa koti. Niliona paji la uso la mtoto, sekunde moja, paji la kwetu kabisa, halafu picha ikaganda. Kwao mimi ndiye niliyeganda: mdomo wazi, pengo la jino nililong'olewa Januari likiwa mbele kabisa. Papa Camille aliipiga picha hiyo na kuisambaza kwa familia yote. Budget ameweka maneno chini yake. Siyarudii hapa.

6. Trésor ananishauri nitolee jina kwake, barabarani, katikati ya wateja. Hapana.

Bon. Nimefikiri sana, na fikra zangu zimenyooka hivi. Sanduku haliwezi kufanya kazi bila jiko. Mimi siwezi kuingia jikoni bila radhi. Radhi haiwezi kuja bila kichwa cha samaki. Donc kichwa cha samaki ni kipuri cha mtambo wako, nacho hakikuwemo kwenye katoni. Nilitafuta hata chini ya karatasi za maelezo.

Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima zote, kabla ya Jumamosi saa tatu: ulete kichwa kimoja cha kapitene, kikubwa, kwenye liboke, Madamu Julie amkabidhi Mama Angélique, ili Mama Angélique anikabidhi mimi mbele ya mashahidi, nami nitie sahihi. Kama kapitene ni shida, basi ofisi yako ilisogeze jiko la shemeji hatua ishirini kuelekea mtoni, yeye akiwa ndani au nje, kama atakavyopenda. Na kama hilo nalo linawashinda, nipeni cheti chenye muhuri kinachosema kwamba mtoto hajazaliwa rasmi mpaka réseau itengemae. Papa Camille huheshimu muhuri kuliko mvua.

Sitaki ugomvi, Bwana Mkurugenzi. Ninataka tu mtoto yule akikua aitwe kwa jina la mtu aliyepata kuishi na kupendwa, siyo la karatasi. Usiku ninaliona lile paji la uso. Nisipomwona Jumamosi, sijui nitamwona lini.

Nikingojea kapitene wako, ninakusalimu wewe, mama wa nyumbani kwako, watoto, karani atakayeifungua barua hii, mlinzi wa mlangoni, na Madamu Julie pia, ingawa alicheka.

Mimi katika heshima na subira inayokaribia kwisha,

Papa Hubert,
mkubwa wa parcelle

N.B. Jumamosi, saa sita mchana. Bwana Mkurugenzi, barua hii ilikuwa bado mfukoni, ninaomba uisome kuanzia hapa na yale ya juu uyasamehe.

Leo asubuhi, saa tatu kasoro dakika tano, taa za masanduku yangu zilikuwa nyekundu zote mbili. Nilitoka nje na koti langu, simu juu kama msalaba wa maandamano, nikifuata vile vimstari vya réseau. Hatua tano, kimstari kimoja. Hatua kumi, viwili. Macho yangu yalikuwa kwenye simu, miguu ilikwenda yenyewe, na vilipotimia vyote nikasikia mbele yangu: « Ingia basi, Yaya, uko nafunga mwangaza. » Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko la Mama Angélique, na ndiye aliyeniita Yaya, yaani kaka mkubwa. Akanisogezea kigoda kwa mguu, maana mikono yake ilikuwa na unga.

Nikakaa. Simu ikaita. Kabla ya mtoto kutokea nikajiona mwenyewe kwenye ile pembe ndogo ya kioo, na pengo langu, na hapo, aka, nikakumbuka! Noeli ile shavu lilikuwa limevimba, jino likinipigia ngoma kichwani, na ni mimi, kwa mdomo wangu huu huu, niliyemtuma Trésor akaseme jikoni kwamba sitafuni chochote chenye mfupa. Ndiyo maana nilipata mchuzi. Aliuchuja kwa kitambaa, mwiba mmoja mmoja. Jino lilipong'olewa Januari liliondoka na kumbukumbu yote, likaniachia hasira tu. Miezi kumi na moja nimemnunia mtu kwa kunitii.

Nilimwambia yote, pale pale. Alisema alijua nimesahau. Alikuwa akingoja nipone.

Halafu mtoto akatokea, wazi, hata kope zilihesabika, akapiga chafya. Nikafungua mdomo kusema Clothilde, na kilichotoka ni Angélique. Nikashtuka, nikaona ni vizuri, nikasema mara ya pili, na ya tatu. Nyuma yangu mwiko ulianguka ndani ya sufuria, na hakuna aliyeuokota kwa muda mrefu. Huko Lubumbashi walipiga vigelegele, Décret alilia, Papa Camille alidai jina liandikwe mara moja na kupigwa muhuri, nami kwa mara ya kwanza nikakubaliana naye. Mama yangu atanielewa, ana wajukuu wengi. Shemeji hakuwa na wa kumbebea jina hata mmoja.

Donc malalamiko yote nimeyaondoa, isipokuwa namba 3 bis. Sanduku la chumbani nimelihamishia kwenye rafu ya dirishani, kati ya chumvi na mawese. Kapitene usilete, Madamu Julie aje Noeli, sahani yake ipo, na kichwa atapewa yeye, kwa sababu ni mgeni. Ndege wa kwenye kikapu wametaga. Réseau sasa inafika mpaka kitandani kwangu, taa zote nyeupe. Chai ninainywa jikoni.